Lugha Iliyombakia Mwalimu

Kabla ya utafiti ule, kazi yangu ilikuwa rahisi kuieleza. Mtu akivunjika mguu, akishaondolewa plasta, alitumwa kwangu nimfundishe upya kutembea. Butembo watu hutuita kine, kwa kukata neno la Kifaransa, na mimi nilikuwa Mama Kine hata kwa wagonjwa walionizidi umri. Chumba changu kilikuwa nyuma ya hospitali: kitanda cha mbao, mkeka, ngazi fupi isiyokwenda popote, na dirisha lililotazama mikaratusi.

Kisha akaja daktari wa mishipa ya fahamu. Alikuwa mama wa huku kwetu, mzaliwa wa Lubero, aliyekwenda kusoma ng'ambo na kurudi, jambo ambalo watu hawakuacha kulishangaa. Alitaka kujua kitu kimoja. Mtu mzima akipooza upande mmoja, mkono na mguu pamoja, ni nini hasa kimemfikisha hapo? Kwa watu wengi jibu lilikuwa tayari: ni tension, yaani shinikizo la damu, au amelogwa, na mara nyingine vyote viwili. Daktari hakubishana na yeyote. Alisema tu kwamba kupooza si ugonjwa, ni alama ya ugonjwa. Mshipa unaweza kupasuka kichwani. Damu inaweza kuganda na kuuziba. Ajali ya pikipiki inaweza kuacha donge la damu chini ya fuvu. Mayai ya mnyoo wa nguruwe yanaweza kujificha ndani ya ubongo miaka mingi bila mtu kujua. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja huweza kumuua mwenye jingine.

Sehemu yangu katika utafiti ilikuwa kupima nguvu. Nilishika mkono wa mgonjwa, nikamwambia avute, asukume, akunje vidole, nikaandika alama. Baadaye nilimfuata nyumbani kwake kuona kama kuna kinachorudi. Huko nilijifunza kwamba kwa kawaida mguu hurudi kabla ya mkono, lakini ni mkono ambao familia huutazama. Anayeburuza mguu husifiwa kwamba ametembea. Anayeulaza mkono pajani hutazamwa kama mgeni aliyekuja na kukataa kuondoka.

Mwalimu aliletwa asubuhi moja ya ukungu, ndani ya teksi, kati ya mke wake na jirani. Alikuwa bado hajafika umri ambao watu huanza kuogopa tension. Alifundisha hesabu katika sekondari moja ya serikali. Hakuwa mtu wa kwetu: alitumwa kazini kutoka Kasai akiwa kijana, akaoa binti wa Kimemi, mtaa wa mji wetu, akabaki. Mke wake aliuza vitenge sokoni. Alitueleza yaliyotokea kwa sentensi fupi, akiwa amesimama. Mume wake alikuwa ananyoa ndevu. Yeye akasikia beseni linaanguka. Alipokwenda alimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, povu la sabuni shavuni, akiutazama mkono wake wa kulia kama kitu alichokiokota njiani.

Daktari alimtuma mke kwenye duka la dawa, mbele ya lango, kununua vifaa vya kumtundikia maji. Tukabaki naye sisi wawili.

"Mwalimu, inua mikono yote mbili," daktari alimwambia.

Alimtazama daktari midomo, si mikono. Daktari akarudia kwa Kifaransa. Mwalimu akasikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni wa heshima, kisha akainua mkono wa kushoto mpaka usawa wa paji la uso na kusema neno moja: "Moyo." Baada ya hilo yalifuata maneno mengi, mengine yamekatika katikati, ambayo sikuyaelewa.

"Anasema nini?" daktari akaniuliza.

"Anasema moyo, Docta. Ile ingine hapana sikia."

"Inamuuma?"

Nikaweka kiganja kifuani kwangu, nikamwinamia. "Moyo, Mwalimu? Hapa?"

"Moyo, moyo," akajibu, na uso wake ukafunguka, upande mmoja ukitangulia mwingine. Aliridhika sana, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzito hatimaye amepata jibu.

Daktari angemsikiliza moyo hata hivyo, ndiyo kanuni. Lakini asubuhi ile kulikuwa na wagonjwa wengine kwenye benchi la nje, na nilikuwa nimeshamwona akisikiliza vifua kwa haraka. Safari hii aliniambia nifunge dirisha kwa sababu ya kelele za pikipiki. Akamgeuza mwalimu ubavu wa kushoto, akaweka chombo chake chini ya titi, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka mgongo wangu ukaanza kuuma kwa kumshikilia mgonjwa.

"Kuko kitu," alisema. "Kuko sauti kati ya mapigo. Na mapigo yenyewe haifuatani. Tension yake iko muzuri, unaona? Basi hatutaandika tension."

Mke aliporudi alimkuta mume wake anaongea na dari. Hakushtuka. Aliyeshtuka ni mama yake mzazi, aliyefika mchana kutoka Kimemi na chakula ndani ya kikapu. Bibi huyo alisikiliza kidogo, akaweka kikapu chini, akafanya ishara ya msalaba.

"Ile si luga ya mutu," alisema. "Tuite padri."

"Hapana ni pepo, mama," binti yake akamjibu. "Ni luga ya kwabo. Alikuwa anasema vile na mama yake ku telefone kila siku ya Mungu, mbele mama yake afe."

"Na weye unaisikia?"

"Hapana. Nilimuombaka anifundishe. Akasema itanisaidia nini huku Butembo."

Padri aliitwa vilevile, akaja, akampaka mafuta ya wagonjwa, na hakuona pepo. Daktari naye alitufafanulia, mke na mimi, pale kwenye korido. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotawala mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndiko maneno yanakokaa. Mtu mwenye lugha tatu anaweza kupigwa pale akapoteza mbili, ikabaki moja. Mara nyingine hubaki ile ya utotoni, mara nyingine ile aliyoitumia zaidi. Hakuna anayejua kwa hakika kwa nini. Alikuwa amesoma habari hizo vitabuni. Hakuwahi kukutana na mtu wa namna hiyo.

"Kwa hiyo Kiswahili yake imekufa?" mke akauliza.

"Imelala. Itaamuka ao haitaamuka. Siwezi kukuongopea."

Mke akafunga kitenge chake vizuri kiunoni na kurudi kwa mgonjwa.

Siku zilizofuata tuliishi kwa ishara. Kikombe kilimaanisha maji, kidole mlangoni kilimaanisha choo. Mke alikuja asubuhi, akaenda sokoni, akarudi jioni na bugali na sombe, majani ya muhogo. Mchana mwalimu alibaki na shemeji yake, kijana mwenye simu, na pamoja nasi. Wenzake wa shule walikuja kwa makundi. Kwa kila aliyeingia alifanya jambo lile lile: mkono wa kushoto juu, kisha neno "moyo." Sisi tuliwaambia wageni kwamba ana shida ya moyo. Wakatikisa vichwa, wakasema pole, wakatazama viatu vyao.

Mimi nilimfanyia mazoezi. Nilikamata kifundo cha mkono wake wa kulia, nikaunyanyua na kuuvuta, kama nilivyofundishwa. Aliniambia mambo marefu wakati huo, kwa sauti iliyopanda. Nilimjibu kwa kutabasamu na kusema "Courage, Mwalimu."

Tulitafuta mtu wa kututafsiria. Watu wa Kasai hawakuwa wengi katika mji wetu; mmoja tuliyemjua, karani katika ofisi ya serikali, alikuwa amehamishwa. Daktari alihitaji mkalimani kwa sababu ya kazi, si kwa huruma tu. Sauti aliyoisikia kifuani ilimfanya ashuku ugonjwa unaoanza utotoni, na habari za utoto wa mwalimu hakuna aliyezijua. Mke alimkuta mtu mzima. Mama mkwe wa Kasai alikuwa amefariki. Aliyejua alikuwa mwalimu mwenyewe, naye alikuwa amefungiwa ndani na lugha yake.

Mashine ya kupiga picha ya ubongo ambayo utafiti wetu uliruhusiwa kuitumia ilikuwa Beni. Tuliondoka na jeep ya hospitali asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya paa za mabati. Daktari alikaa mbele na dereva. Nyuma tulimlaza mwalimu kwenye godoro, mke upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Njia ile, ambako watu huviziwa na wenye silaha, sote tuliijua, na sote tulijua kwamba haizungumzwi wakati mtu yuko juu yake. Penye kizuizi cha kwanza askari alichungulia ndani, akamwona mwalimu, akauliza: "Ni risasi?"

"Hapana, chef," dereva akajibu. "Ni bugonjwa."

Akatuinulia kamba. Kadiri tulivyoshuka ndivyo tulivyovua nguo, kwanza makoti, kisha sweta. Karibu na Beni kakao ilikuwa imeanikwa kando ya barabara juu ya maturubai, na harufu yake kali ya uchachu iliingia ndani ya gari. Mwalimu akapiga chafya. Mke wake akacheka, mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka.

Picha ilichukua muda mfupi kuliko kumpandisha kwenye meza. Daktari aliitazama pamoja na fundi wa mashine. Alipotoka alituambia kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Mshipa mmoja wa upande wa kushoto umezibwa, na sehemu ya ubongo inayonyweshwa na mshipa huo imekauka. Kitu kimetoka mahali fulani kikasafiri mpaka pale.

"Kimetoka wapi?" mke akauliza.

"Nazani ku moyo. Lakini nataka kujua moyo iliharibika namna gani, na tangu lini."

Tulingoja uani, chini ya paa la mabati, mpaka dereva arudi kutoka kutia mafuta. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Kwenye benchi la pembeni walikaa askari wawili. Mmoja, mtu mzima mwenye nywele zilizoanza mvi, alikuwa na bandeji mguuni. Walikuwa wakiongea chini chini, na sikuwasikiliza. Raia wa kwetu ana desturi ya kutosikiliza mazungumzo ya askari. Ghafla mke wa mwalimu alisimama.

"Ile ndiyo luga," alisema.

Nilimshika kitenge. Aliniondoa mkono bila kunitazama, akaenda mpaka mbele yao.

"Chef, samahani."

Yule mwenye mvi akainua macho, akauliza shida kwa neno la Kilingala. "Mama, likambo nini?"

"Hapana likambo, chef. Ile luga munasema, ni Tshiluba?"

Askari walitazamana. Sidhani kama waliulizwa mara nyingi swali hilo kwa nia njema. "Ndiyo," alisema yule mzee hatimaye. "Miye ni mutu ya Kasai. Juu ya nini?"

"Bwana wangu naye. Amepata bugonjwa ya kichwa, Kiswahili imepotea, Kifaransa imepotea. Hakuna mutu anamusikia. Hata miye bibi yake."

Askari huyo, sajini kama tulivyojua baadaye, alichukua fimbo yake akanyanyuka. Alichechemea mpaka kwenye kiti cha magurudumu, akavua kofia, akainama kidogo kama mtu anavyoinama mbele ya mkubwa wake, ingawa mwenye mvi alikuwa yeye.

"Moyo, tatu," alisema; tatu kwao, nilijua baadaye, ni baba.

Mwalimu aliukamata mkono wake kwa mkono wa kushoto. "Moyo," alisema. "Moyo, moyo." Machozi yakamtoka kwa macho yote mawili, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mkono wake mmoja mzima ulikuwa umeshika na haukutaka kuachia.

Daktari alinitazama. Mimi nikamtazama mke.

"Ile ni salamu?" nikamuuliza.

"Ee," alisema. "Ndiyo vile banasalimiaka kwabo. Kama vile sisi tunasema jambo."

"Hukutuambia."

"Hamukuniuliza. Mulisema bwana yangu iko na bugonjwa ya moyo, miye nikaitika. Miye ni munganga?"

Sajini aliketi kwenye ukingo wa ua, magoti yake na ya mwalimu yakigusana. Walizungumza. Alituambia kwamba maneno mengine yanavunjika, mengine yanakuja mahali pasipo pake, lakini ni Tshiluba, na mtu mwenyewe yumo ndani. Daktari hakupoteza muda.

"Muulize, wakati alikuwa mutoto, alipataka homa kali? Magoti yake ilivimba?"

Sajini aliuliza. Mwalimu alifikiri, kisha akaligusa goti lake la kushoto, akaligusa na la kulia, lile ambalo siku zote alilisahau, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko.

"Anasema ndiyo," sajini alitafsiri. "Kwanza koo ilimuuma. Kisha magoti, kisha huku, kisha huku. Inahama. Hakuenda masomo mwaka muzima. Mama yake alimukanda na majani ya moto. Kisha ikaisha, akasahau."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena. Baadaye, njiani, alinieleza. Kuna ugonjwa wa koo wa watoto ambao mwili ukipigana nao hukosea adui na kuujeruhi moyo. Jeraha linapona na kuacha kovu kwenye mlango mmoja wa moyo. Miaka inapita. Mlango unazidi kukaza, chumba kilicho nyuma yake kinapanuka na kuanza kutetemeka badala ya kupiga, damu inatuama humo, inaganda. Siku moja kipande kinatoka na kwenda zake kichwani. Kipimo cha moyo alichofanyiwa baadaye kilionyesha kovu hilo waziwazi. Lakini pale uani alikuwa hana kipimo, alikuwa na goti lililoguswa.

"Muulize kama iko na neno ya kutuambia," mke alisema.

Mwalimu alisema kwa muda mrefu. Sajini alisikiliza bila kumkatiza, kisha akatugeukia.

"Anasema tangu siku ya kwanza anasalimia batu, batu hapana itika. Walimu wenzake, padri, wote. Anasalimia, banaangalia chini. Akajiuliza amewafanyia nini." Akanionyesha kwa kidevu. "Mutu mumoja tu aliitika, huyu mama. Mara moja, ile siku ya kwanza. Kisha naye akaacha. Na anasema unamuvuta mukono mubaya sana. Bega inamuuma. Amekuambia mara mingi."

Daktari alikuja akapapasa lile bega, akakuta kweli limeanza kulegea kwenye kiungo chake. Tangu siku ile sikuuvuta tena mkono uliopooza. Niliubeba kutoka chini, kwenye kiwiko, na hivyo ndivyo ninavyowafundisha wanaojifunza kwangu.

"Lakini neno moja," sajini aliendelea. "Huyu mutu hajui kama anasema Tshiluba. Anazani anasema na ninyi Kifaransa."

Akamwelekea mwalimu, akamweleza taratibu. Niliona jinsi habari ilivyoingia. Mwalimu akatutazama mmoja mmoja, akarudi kwa mke wake na kukaa naye macho. Kisha akatoa cheko fupi, kavu, la mtu aliyegundua kosa kwenye hesabu yake mwenyewe, mstari wa kwanza kabisa.

Mke alichuchumaa mbele ya kiti. "Chef, miye namuitikia namna gani?"

"Unarudisha tu ile ile."

"Moyo," alimwambia mume wake. Alilitamka kwa lafudhi ya Kinande, lugha yetu, zito mwanzoni. Mwalimu akaitika.

Tulirudi Butembo siku hiyo hiyo. Sajini alikataa soda tuliyotaka kumnunulia, lakini alimpa mke namba yake, na kwa miezi kadhaa sauti yake ilikuwa ndani ya nyumba ile ya Kimemi. Mke alimtumia maneno kwa simu, naye akayarudisha kwa Tshiluba: chumvi, shuka, inauma wapi, lala, batoto wameenda masomo. Aliyajifunza huku akipima vitenge. Kisha kikosi cha sajini kilihamishwa. Ujumbe mmoja haukujibiwa, na wa pili, na mke akaacha kutuma. Hatukujua chochote zaidi. Katika Misa alimwombea mara mbili kwa jina lake la simu, maana jina kamili hakulijua.

Mwalimu alipewa dawa ya kufanya damu isigande, iliyotulazimu kumpima mara kwa mara, na sindano ya kila mwezi ya kulinda moyo. Kiswahili kilirudi kabla ya Kifaransa, na kilirudi vibaya, vitenzi vikiwa uchi, bila nafsi wala wakati. "Kula. Kwenda. Mama kuja." Watoto wake walimwiga wakachapwa na bibi yao. Kifaransa kilikuja baadaye, vipande vipande. Tarakimu peke yake hazikuwahi kupotea. Katika wiki zile za mwanzo nilimwandikia kujumlisha kwa chaki kwenye ubao mdogo, nikakosea makusudi, akaninyang'anya chaki kwa mkono wa kushoto akasahihisha. Hakuweza kuitamka hata moja.

Daktari alimweka kwenye kundi la waliopooza kwa sababu ya moyo. Alipoeleza utafiti wake mbele ya madaktari wenzake, aliongea juu ya mgonjwa huyu kwa muda kidogo: umri, upande uliopooza, picha, kovu. Mtu mmoja alimuuliza ni nini kilichomfanya ashuku moyo mapema hivyo. Alijibu kwamba alisikia sauti kifuani. Nilikuwa nimeketi nyuma. Tulipokuwa tunakunywa chai nilimuuliza kwa nini hakusema habari ya salamu.

"Ningesema nini?" alinijibu. "Kama angekuwa anasema habari ya asubui, nisingesikiliza vizuri? Ile hapana kitu ya kufundisha batu." Akakoroga chai. "Lakini naifikiriaka."

Si wagonjwa wote waliopatiwa sababu. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Mutwanga, mkulima, aliyeletwa na kaka zake kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa mmoja wao kama mtoto. Upande wake wa kushoto ulikuwa umekufa. Tulitafuta kila tulichojua kutafuta, damu, moyo, picha, na kila kitu kilirudi safi. Daktari aliandika "haijulikani." Mama huyo aliuliza kama neno hilo lina dawa. Alipojua kwamba halina, aliomba arudishwe kwao kabla ya msimu wa kupanda maharage, asimamie hata akiwa amekaa. Akatuambia "wasingya," asante ya Kinande, na kaka zake wakamfunga tena mgongoni. Nilikwenda kumpima mara moja. Alikuwa anasimamia kweli, kwenye kigoda, akipiga kelele.

Mara ya mwisho ya kumpima mwalimu sikumkuta nyumbani. Mke wake alinielekeza shuleni. Mkuu wa shule alikuwa amekubali arudi kwa darasa moja tu, la mwaka wa kwanza, katika chumba cha chini kisicho na ngazi. Kilima cha kutoka Kimemi alikuwa anakipanda polepole, mguu wa kulia ukichora nusu duara kila anapoutupa mbele, na kwa sababu hiyo alikuwa anaondoka nyumbani kabla ya watu wote.

Nilisimama nje ya dirisha. Alikuwa anaandika sehemu, namba juu ya namba, ubaoni kwa mkono wa kushoto, tarakimu kubwa zilizolala kidogo. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, umekunjika kama nilivyouacha, haukufunguka tena. Akaweka kidole kwenye namba ya chini, akawageukia wanafunzi, akafungua mdomo. Neno halikuja.

"Numérateur," msichana wa mbele alimsaidia, akitaja namba ya juu.

Akatikisa kichwa.

"Diviseur," mwingine akajaribu.

Akatikisa tena, sasa kwa kukasirika. Nilitegemea kicheko, maana nimewahi kuwa na umri ule, lakini hawakucheka. Walikuwa wamezoea, au walikuwa wamechoka. Mmoja alitumia nafasi hiyo kuchonga kalamu. Mwalimu aliendelea kusimama, kidole juu ya namba, midomo ikijaribu umbo moja, ikaliacha, ikajaribu jingine.

"Dénominateur," alisema, jina lenyewe la namba ya chini.

Wakaandika. Mimi nikaketi kwenye ngazi za jengo la jirani, begi la vipimo magotini, nikingoja kengele ya mapumziko.